Kifurushi cha kuwafundisha vijana ushirika: kizuri pale wanapogombania ziada

Kifurushi chenyewe ni boksi lenye shughuli nane, tokeni za plastiki, kadi za matukio, karatasi za hesabu na kijitabu cha mlezi. Kimetengenezwa kwa ajili ya vikundi vya vijana wa miaka 14 hadi 18, na ahadi yake iko kwenye jalada: kijana atoke akijua chama cha ushirika kinavyoendeshwa, tangu kiingilio mpaka kugawana ziada, yaani kinachobaki baada ya gharama kulipwa. Nimekitumia na kikundi ninachokilea, kisha nikakirudia na wadogo zao. Jina lake silitaji, maana nina manung'uniko. Isitoshe, vifurushi vya aina hii vinafanana sana, na mengi nitakayosema yatamfaa mlezi yeyote anayepekua kimojawapo akijiuliza kama akichukue au akiache.

Niseme mapema ninapima kwa mizani gani. Kijana haelewi ushirika mpaka pawepo kitu cha kugawana, na watu wawili wenye hoja nzuri wanaotaka kigawanywe kwa njia tofauti. Kabla ya hapo unachomfundisha ni kupendana na wenzake, jambo zuri, lakini hata timu ya mpira inalo. Kifurushi hiki kinalijua hilo katika shughuli mbili, ya tatu na ya sita. Hizo mbili sijaona za kuzishinda. Nyingine, nusu yake unaweza kuziruka na usikose kitu.

Kinaanza vibaya. Shughuli ya kwanza ni kubandika ukutani bango la "Umoja ni nguvu", kisha kila kijana asimulie siku aliyosaidiwa na wenzake. Methali hiyo wameisikia tangu hawajajua kufunga kamba za viatu. Walijibu yale waliyojua mlezi anataka kuyasikia, mmoja akapiga miayo bila hata kuziba mdomo, na nusu saa ikapotea. Bango halina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba ushirika unaingia kichwani mwa kijana kama kazi ya hisani, na ukishaingia hivyo itakugharimu muda kumrejesha kwenye jambo lenyewe: hii ni biashara. Ina mtaji, ina wateja, inaweza kupata hasara na inaweza kufa. Tofauti yake na biashara nyingine iko kwenye maswali matatu: mwenye mali ni nani, anayeamua ni nani, na ziada inamwendea nani. Shughuli ya pili ndiyo inayouliza hayo, kwa kupanga kadi za biashara ya mtu mmoja, ubia, kampuni ya hisa na chama cha ushirika. Ni fupi, inatosha, na ndiyo ingefaa kuwa ya kwanza.

Sasa shughuli ya tatu. Vijana saba wanapewa chama cha kubuni: duka la vifaa vya kuandikia ambalo wanunuzi wake ndio wenye duka. Kila mmoja anachota kadi ya hisa, na hisa hazilingani. Mmoja ana 14, wanne wana 4 kila mmoja, mmoja ana 3, na wa mwisho ana 2. Jumla 35. Linaletwa pendekezo: duka liendelee kuuza kwa bei ya kawaida na ziada igawanywe mwisho wa mwaka, au lishushe bei leo na mwisho wa mwaka pasiwe na cha kugawana? Wanapiga kura mara mbili juu ya jambo hilohilo. Mara ya kwanza kila hisa ni kura moja. Mara ya pili kila mtu ni kura moja.

Hesabu imepangwa kwa ujanja. Mwenye hisa 14 anahitaji kumpata mwenzake mmoja tu mwenye 4, basi. Wawili hao wana kura 18, watano waliobaki wakiungana wote wana 17. Katika kundi langu alimpata haraka, kwa kumwahidi kumuunga mkono kwenye uchaguzi wa mwenyekiti ambao hata haukuwa umetangazwa. Walishinda. Ilipofika raundi ya pili wakaangushwa, tano kwa mbili.

Kijitabu kinamwonya mlezi asiseme lolote kati ya kura ya kwanza na ya pili, na hapo mwandishi wake alifikiri sawasawa. Mwenye hisa 2, binti asiyependa kuongea mbele za watu, alitazama kadi yake, akatazama ya mwenye 14, akasema, "Kumbe mara ya kwanza mimi nilikuja kujaza kiti tu." Mwenye 14 naye hakukubali kunyamaza: "Mimi nimeweka mara saba ya alichoweka yeye, halafu tunalingana?"

Swali halali kabisa hilo. Kijitabu kina nusu ukurasa mzuri wa kulijibu: mwenye mtaji mwingi anaweza kulipwa faida kidogo yenye kikomo juu ya hisa zake, lakini kwa hisa hizo hanunui sauti. Sawa. Ila hakikiri kwamba jibu hilo lina gharama yake. Chama kisichompa mwenye fedha sauti ya ziada hupata taabu kumvutia alete fedha hizo, ndiyo maana vyama vingi hukuza mtaji polepole kwa kutunza sehemu ya ziada yao wenyewe. Vijana waliligundua bila kuambiwa. "Basi ningeweka 2 kama yeye, nyingine nikazipeleka kwingine," alisema yuleyule wa hisa 14, na nusu ya chumba wakaona ana haki. Mlezi asiyejiandaa kwa hoja hiyo ataishia kuhubiri.

Shughuli ya nne ni historia, kurasa mbili juu ya Rochdale, na ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, kwa sababu habari yenyewe ni dhahabu na wameigeuza uji. Mwaka 1844, katika mji huo wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa kazi nyingine, walichanga kwa peni chache kila juma mpaka wakapata mtaji wa pauni 28, wakafungua duka mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba. Kijitabu kinawasimulia kama watakatifu waliopendana sana. Masharti yaliyowafanya wadumu yametajwa kwa sentensi moja, tena haraka. Waliuza kwa fedha taslimu, hakuna kukopa. Waliuza bidhaa safi na kwa vipimo kamili, enzi ambayo kuchanganya unga na takataka lilikuwa jambo la kawaida madukani. Waliuza kwa bei ya kawaida, kisha ziada wakairudisha kwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Kila mwanachama kura moja, wanawake wakiwemo, na hiyo ni miaka mingi kabla wanawake wa Uingereza hawajaruhusiwa kumchagua mbunge.

Sharti la taslimu halikutoka hewani. Miaka kama kumi kabla ya hapo kulikuwa na duka lingine la ushirika katika mji huohuo, likaanguka, na mikopo ndiyo iliyoliangusha. Mweleze hilo kijana yeyote na atalielewa mara moja, kwa kuwa kila kikundi cha vijana duniani kina mwanachama wa "niandikie, nitalipa wiki ijayo", na mweka hazina anayeona haya kumkatalia rafiki yake.

Kurasa hizo mbili nimeziacha. Ninachofanya ni kuwapa vijana matatizo waliyokuwa nayo watu wa Rochdale, bila kuwaambia walivyoyatatua: wateja ni maskini, mtaji ni mdogo, wauzaji wengine wanapunja mizani, duka lililotangulia lilikufa kwa madeni. Wanatunga masharti yao, ndipo tunafungua ya mwaka 1844 na kulinganisha. Mengi wanayafikia wenyewe. Lile la kurudisha ziada kwa kadiri ya manunuzi hakuna kundi langu lililolifikia, na hiyo ni sababu nzuri ya kuwasogeza kwenye shughuli ya sita wakiwa bado wanashangaa.

Kabla yake kuna ya tano, ya kutunga masharti ya chama na kufanya mkutano mkuu. Fomu ni nzuri, ajenda ni ya kweli, kuna nafasi ya kuandika akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama ili mkutano uwe halali, na muhtasari. Kuna kitu waandaaji hawakukiota. Kundi langu la pili liliweka akidi ya watu watano kati ya saba. Wawili walipoona pendekezo lao litaanguka, walitoka nje pamoja na rafiki yao wa tatu, wakabaki wanne, wakachungulia dirishani wakicheka. Mkutano umekufa. Nilipekua kijitabu kizima, hakuna neno. Masharti ya vyama vya kweli huwa yanasema nini kifanyike akidi isipotimia, kwa kawaida mkutano huahirishwa na kuitishwa upya kwa notisi. Tuliandika kifungu hicho papo hapo, na wale watatu ndio waliokuwa wakali zaidi katika kukitunga, kwa vile walijua mlango ulipo. Sijui kama ningeweza kupanga somo zuri kama lile kwa makusudi.

Shughuli ya sita sasa. Duka letu la vifaa vya kuandikia limemaliza mwaka, ziada ni tokeni 100. Mkutano mkuu unaanza kwa kutenga: 20 ziende kwenye akiba ya chama, 10 kwenye elimu ya wanachama. Hapo tu pana kelele, hasa zile 10. Ninawaambia kwamba Rochdale walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa elimu, na chama kikawa na maktaba yake na chumba cha kusomea magazeti. Zinabaki tokeni 70, nazo zinakaa katikati ya meza, zinaonekana, zinashikika. Hilo ni muhimu. Nimejaribu zoezi hili kwa tarakimu ubaoni na halina uhai. Plastiki ile ya rangi ikiwa mezani, mikono inaanza kusogea.

Zinagawanywaje? Kwa usawa, kila mtu 10. Kwa hisa, kila hisa tokeni 2. Kwa manunuzi: wanachama wote kwa pamoja wamenunua vitu vya tokeni 700 mwaka mzima, kwa hiyo kila 10 ulizonunua zinakurudishia 1. Mwenye hisa 14 alinunua vitu vya tokeni 40 tu. Yule binti wa hisa 2 alikuwa mteja mkubwa, vitu vya tokeni 210. Basi kwa usawa wote wawili wanapata 10. Kwa hisa, kijana wa hisa 14 anapata 28 na binti anapata 4. Kwa manunuzi, kijana anapata 4 na binti anapata 21.

Waache sasa wabishane. Kila mara hoja ya usawa ndiyo huanza kwa nguvu, maana inaonekana ya kistaarabu na inamaliza ugomvi haraka. Kisha anatokea mtu wa kuuliza tokeni hizi zimetoka wapi hasa, na chumba kinabadilika. Zimetoka kwenye bei. Kila aliyenunua alilipa zaidi kidogo ya gharama, na aliyenunua sana alilipa zaidi sana. Kumbe ziada hii ni fedha ya wanunuzi iliyobaki dukani, na kumrudishia kwa kadiri alivyonunua ni kumpa chake. Wakifika hapo wenyewe, huna tena haja ya kufafanua kwa nini ushirika unatofautisha ziada na faida ya mwekezaji. Binti wa hisa 2, ambaye kwenye shughuli ya tatu alisema sentensi moja tu, safari hii alisimama na karatasi ya hesabu mkononi akawapitisha mstari kwa mstari mpaka mwenye 14 akasema, "Haya, lakini na mtaji wangu nao haukukaa bure." Nampa haki. Kijitabu hakina njia ya kumlipa chochote, ilhali chenyewe kilishakubali katika shughuli ya tatu kwamba hisa zinaweza kupata faida yenye kikomo. Mimi nawaruhusu watenge kwanza kiasi kidogo kwa ajili ya hisa zote, wakiwekee kikomo kwa kura, halafu kinachobaki kiende kwa manunuzi. Hesabu inakuwa ngumu kidogo. Vijana wa miaka 14 wanaimudu.

Ya saba, ya vitabu vya hesabu, iruke. Ni fomu ya mapato na matumizi ambayo tarakimu zote zimeshajazwa, kijana anajumlisha tu. Mimi natumia bahasha ya risiti za kubuni na leja, yaani daftari la hesabu, isiyokubaliana nazo: risiti moja haipo, nyingine imeandikwa mara mbili. Ninachagua kamati ya usimamizi ya watu watatu, nao wanapaswa kupeleka taarifa mbele ya mkutano mkuu, mweka hazina akiwa amekaa pale pale. Hakuna aliyeiba, ni uzembe tu, lakini wajue jinsi ilivyo vigumu kumuuliza mwenzako swali la fedha bila kumwita mwizi. Kifurushi kizima hakithubutu kusema kwamba kuna vyama vinavyokufa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo. Kadi za matukio zinataja mvua, wateja kupungua na mashine kuharibika. Kadi ya kiongozi anayejikopesha bila idhini haimo, nikaiandika mwenyewe.

Shughuli ya nane inawataka vijana waanzishe chama cha kweli na "kukisajili". Polepole hapo. Katika nchi nyingi mtu asiyefikisha miaka 18 hawezi kufunga mkataba unaombana kisheria, na sheria za ushirika hutofautiana juu ya umri wa uanachama na wa kushika uongozi. Mlezi aulize kwanza kwa afisa anayehusika na vyama vya ushirika. Hata hivyo vijana hawahitaji cheti ili wafanye kazi kwa taratibu za ushirika. Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkaguzi wa shule aitwaye Barthélemy Profit alieneza vyama vya ushirika ndani ya shule, ambamo watoto wenyewe walikuwa na mfuko, vikao na maamuzi yao chini ya uangalizi wa mwalimu, na taasisi ya kitaifa ya kuviunganisha ikaanzishwa mwaka 1928. Mondragón, kundi la vyama vya ushirika huko Hispania, ilianza na chuo cha ufundi cha vijana mwaka 1943, kilichoanzishwa na kasisi José María Arizmendiarrieta. Kiwanda cha kwanza cha ushirika kilifuata mwaka 1956, kikianzishwa na wahitimu wa pale. Miaka 13 ya madarasa kabla ya kiwanda. Kifurushi kinataka hatua hiyo ichukue alasiri moja.

Nyuma ya jalada wamechapa misingi saba ya ushirika, ile iliyopitishwa Manchester mwaka 1995 na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika, chombo kilichoundwa London mwaka 1895, na mlezi anaagizwa awakaririshe vijana kabla ya shughuli ya kwanza. Usifanye hivyo. Wasomee mwisho kabisa, na kwa kila msingi waulize ni wapi kwenye mchezo waliuona au waliuvunja. "Uanachama wa hiari na ulio wazi" watakuambia hawakuuona popote, kwa kuwa boksi linagawa viti saba na hakuna anayebisha hodi kutaka kujiunga. Wana haki, ongeza mtu wa nane mwaka wa pili wa mchezo, uone watakavyobishana juu ya kiingilio chake. Msingi wa tano, wa elimu, unataja vijana kwa jina kabisa miongoni mwa wanaopaswa kuelezwa ushirika ni nini, na kundi langu lilifurahi kujiona limeandikwa.

Waandaaji pia wanatoa mafunzo ya walezi kwa njia ya mtandao. Mkufunzi alitusomea kijitabu tulichokuwa nacho mkononi. Okoa muda wako, cheza shughuli ya sita na walezi wenzako watu wazima; watagombana kuliko vijana.

Kwa jumla nakipendekeza, kwa kikundi cha watu 7 au 14 na mlezi asiyeogopa kelele. Kikundi cha watu 10 kitapata taabu, maana hesabu zote za hisa zimefungwa kwenye saba, na kijitabu kinasema watatu wa ziada "wawe watazamaji". Wape kazi ya kamati ya usimamizi tangu mwanzo, hawatakaa bure. Mkichapa kadi za matukio wenyewe, tumieni karatasi nzito. Zile za kwenye boksi ni nyembamba, maandishi yanaonekana upande wa pili, na vijana wangu walijua mashine itaharibika kabla haijaharibika.